Kimya cha Tarumbeta

Jumatatu ya tano tangu mkewe akatazwe kusema, Fundi alipanda jukwaa la mnada, na sokoni kote hakuna aliyegeuza shingo.

Si kwamba hawakumwona. Walimwona vizuri sana, wakamtambua, wakaendelea na yao. Jukwaa lenyewe lilikuwa meza mbili za mbao zilizofungwa pamoja kwa waya. Chini yake robota la mitumba limekatwa kamba, na juu yake amesimama fundi cherehani wa miaka hamsini kasoro, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni kwa sababu alisahau kuivua, ameshika suruali ya jinzi kama mtu aliyeiokota njiani na sasa anamtafuta mwenyewe.

"Suruali," alisema. "Suruali nzuri."

"Fundi, unauza au unaungama?" muuza viatu wa kona ile alimuuliza, na mstari mzima ukavunjika mbavu.

Fundi akajikaza. Akakunja uso, akanyoosha shingo, akasukuma. Sauti ilipanda mpaka kooni, ikakwama hapo, ikatoka imechanika. Mama mmoja mnene aliyekuwa anachambua magauni safu ya tatu akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Haifiki, baba! Huku haifiki!" Alisema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma Fundi kuliko kicheko cha muuza viatu.

Na mkewe alikuwa amesimama palepale pembeni, shingo imefungwa kitambaa, midomo imebanwa. Mwanamke yule soko zima lilimwita Tarumbeta. Miaka kumi na tisa alisimama juu ya meza zile bila kipaza sauti, bila hata kukunja kipaji cha uso, akamwambia mtu aliyeko bombani kule mwisho wa soko bei ya blauzi, na mtu yule akageuka kama aliyeitwa na mama yake mzazi. Halafu mwaka huu akaanza kukwaruza. Akadhani mafua. Mafua gani ya miezi mitatu? Kliniki, daktari akamwingizia kooni kioo kidogo chenye mpini, akakitoa, akaandika, akasema: kivimbe kwenye nyuzi za sauti. Wiki nane asitoe neno. Hata kunong'ona asinong'one, maana kunong'ona kunachubua zaidi. Akikaidi ni kisu, na baada ya kisu daktari hakutaka kuahidi kitu.

Msimamizi wa soko naye alikuja na lake. "Pole sana, mama," alisema, huku anaangalia meza, si mtu. "Lakini jukwaa halikai tupu. Miezi miwili ikipita hakuna aliyesimama hapa siku za mnada, nampa mwingine. Na mwingine yupo, tena ana spika." Ndiyo maana Fundi, mtu ambaye hata kwenye harusi yake aliitikia mara mbili ndipo akasikika, alikuwa juu ya meza siku ile. Mpaka saa za kufunga alikuwa ameuza suruali nne, mbili kati ya hizo kwa ndugu zake.

Walirudi nyumbani kila mmoja na nusu ya robota kichwani. Njiani mkewe alimpapasa mgongo. Fundi angeona afadhali amcheke.

---

Nyumba yao ni vyumba viwili, na cherehani iko mlangoni kupata mwanga. Jioni ileile, jua lingalipo, binti yao aliingia, akabwaga mkoba, akasema, "Shikamoo, baba." Ikatoka kama mtu anayekokota debe kwenye sakafu.

Tarumbeta alikuwa anakata vitunguu. Kisu kilianguka. Kabla Fundi hajaitika "marahaba," mama alishamshika binti kidevu, amemwinua uso, anamwangalia shingo kama anayetafuta jeraha. Akakimbilia daftari lake la kimya, lile lililokuwa linaning'inia msumarini kwa uzi, akaandika kwa herufi kubwa: TANGU LINI?

"Tangu Jumamosi. Si kitu, mama. Nusu fainali." Binti alikuwa mwaka wa pili chuo cha ufundi, na kepteni wa washangiliaji kumi na wawili wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo. Kwa sauti ile iliyochakaa aliwasimulia. Wapinzani walikuja na ngoma na mapembe. Wao wakapiga kelele. Ngoma zikazidi, nao wakazidi. Timu ilishinda, lakini mwisho wa mchezo mwalimu wa michezo aliwapanga mstari mbele ya wachezaji wote, akawaambia: "Ninyi kumi na wawili mmepiga kelele kama kuku walioona kicheche, na sikusikia neno hata moja. Fainali ni Jumamosi, wiki mbili kutoka leo. Nikikosa tena kusikia, msimu ujao nanunua mashine ya muziki, nanyi mtakaa na watazamaji."

"Wote walikuwepo," alisema binti, na macho yakamjaa. "Mpaka wauza karanga."

Alipomaliza neno la mwisho alishusha sauti, akawa ananong'ona, kulinda kilichobaki. Tarumbeta akapiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka. Akaandika, kalamu inatoboa karatasi: USINONG'ONE. Chini yake: WALETE. Na chini zaidi: SOKONI. KESHO. HAKUNA MNADA.

Binti aliusoma ukurasa ule mara mbili. Akamwangalia baba yake, akaangalia vidole vyake. "Mama," alisema, "wenzangu wanajua una duka la nguo."

Fundi alishika gurudumu la cherehani ili lisije likazunguka. Alimjua mkewe, angekuwa na sauti, jirani wa nyumba ya tatu angejua leo kwamba binti huyu alivishwa, akasomeshwa, akanunuliwa viatu vya kurukia kwa blauzi zilizonadiwa moja moja kwenye jua. Lakini sauti hakuwa nayo. Tarumbeta alimtazama mwanawe, na uso wake ukapita hasira, ukapita maumivu, ukafika mahali Fundi hakupajua. Kisha akaandika taratibu, kwa mwandiko mzuri: WATAJUA NINA MEZA.

---

Wasichana kumi na mmoja walikuja kesho yake alasiri, wamevaa raba nyeupe, wanakwepa maganda ya ndizi. Soko lisilo na watu ni uwanja mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Walizitazama meza mbili zilizofungwa waya, wakamtazama mwanamke mwenye kitambaa shingoni, wakamtazama kepteni wao. Kepteni alikuwa anatazama raba zake.

"Huyu ni mama yangu," alisema mwishowe. "Hawezi kusema. Ndiye atakayetufundisha sauti."

Mrefu mmoja, ambaye wenzake walimwita Twiga, akafunika mdomo kuzuia kicheko. Hata Fundi hakumlaumu. Angekuwa yeye angecheka.

Fundi ndiye aliyekuwa mkalimani. Tarumbeta aliandika, au alionyesha kwa mikono, naye akasema kwa niaba yake. Kwanza aliwataka wapige kibwagizo chao kama walivyokipiga Jumamosi. Wakajipanga, wakatikisa viuno, wakaanza: "Chuo chetu kinapanda, kinapanda, hakishuki!" Mishipa ya shingo iliwasimama. Tarumbeta aliinua ngumi juu, kavu.

Wakaongeza kelele.

Akaiinua tena, juu zaidi. Wakazidisha, mmoja akaanza kuruka. Akainua ngumi zote mbili, uso umemwiva, na wale wasichana wakapiga mayowe mpaka njiwa wakahama bati la bucha. Tarumbeta akakaa juu ya meza, akashika tama. Ndipo Fundi alipoelewa, akawakimbilia akipunga futi.

"Jamani, jamani! Acheni! Hapa ngumi maana yake mnada umefungwa. Imeuzwa. Kila mtu kimya!"

"Sisi ngumi ni ongeza," alisema Twiga, anahema.

"Basi hapa ni kimya."

Wakacheka wote, na Tarumbeta naye akacheka, mabega yanatikisika bila mlio, na kicheko kile cha kimya kiliwatoa wasichana aibu ya ugeni. Kuanzia hapo ngumi ikawa kimya. Na Tarumbeta akaandika jambo ambalo Fundi alilisoma mara tatu kabla ya kulisema: KIMYA KWANZA. BEI HAISIKIKI MPAKA WATU WAMENYAMAZA KUINGOJA.

Halafu akawalaza chini.

Ndiyo, chini, kwenye maturubai ya robota, chali, kumi na wawili kama samaki wa kuanikwa. Akachukua suruali za jinzi, akazikunja tano tano, akamwekea kila mmoja bunda moja tumboni. Akapita katikati yao. Bunda linapopanda na pumzi, alitikisa kichwa kukubali. Mabega yanapopanda badala ya bunda, aliyakandamiza kwa viganja. "Pumzi inakaa chini," Fundi alitafsiri. "Tumbo ndilo ghala. Koo ni mlango tu. Usiuze mlango." Hayo ya mwisho yalikuwa yameandikwa hivyohivyo, naye alijisikia fahari kuyasema.

Alipoona hawajaelewa, Tarumbeta alimjia mumewe, akaivuta ile futi shingoni mwake. Akamzungushia binti mbavuni, chini ya matiti, akashika namba kwa kidole. Akamwashiria avute pumzi. Futi ikasonga kidogo, unene wa uzi. Akamkandamiza mabega, akamgusa mbavu za nyuma, huku na huku, akamwashiria tena. Binti alifumba macho. Futi ikateleza chini ya kidole cha mama yake, inchi moja, moja na nusu, mbili kamili, na Fundi akainama kusoma namba.

Miaka ishirini na mbili amepima watu kwa futi ile. Amepima vifua vya maaskari, viuno vya maharusi, mikono ya watoto wa shule. Hajapata kuona ikipima pumzi. Na hajapata kujua, hilo ndilo lililomshika zaidi, kwamba sauti ya mkewe ilikuwa na vipimo. Yeye alidhani ni kipaji tu, Mungu alimgawia mmoja cherehani, mwingine koo. Kumbe ni kazi! Kuna kukata, kuna kupima, kuna kufumua na kurudia. Mwanamke huyu alikuwa fundi mwenzake muda wote huo, na yeye hakuwahi kumuuliza swali hata moja la kazi.

"Baba," alisema binti, bado amefumba macho, "imefika ngapi?"

"Mbili," alisema Fundi. "Mbili kamili, mwanangu."

---

Walikuja kila alasiri isiyo ya mnada. Twiga alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Walijifunza kutoa pumzi kwa "sss" nyembamba, bila kuimwaga yote kwa mkupuo. Walijifunza kusema kibwagizo huku wameuma ncha ya kidole gumba, mpaka mataya yakafunguka na kila silabi ikasimama kwa miguu yake. Na walijifunza neno la mwisho.

Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Wote walianza kwa nguvu na kufa njiani: "Chuo chetu kinapanda" ilisikika, "hakishuki" ikaishia kwenye vidole vyao vya miguu. Tarumbeta aliandika: KWENYE MNADA BEI INAKUJA MWISHO. UKIMEZA MWISHO, UMEMEZA BEI. Kisha akachukua blauzi nyekundu, akarudi nyuma hatua ishirini, akageuka. Kanuni ilikuwa moja: neno la mwisho likimfikia zima, anainua blauzi. Lisipomfikia, blauzi inabaki chini, nao wanarudia. Siku ya kwanza alifika kwenye kibanda cha viatu. Siku ya nne alikuwa bombani, mdogo kama kidole, na wasichana walikuwa wanasema bila kukunja uso, wanamtumia yeye mmoja neno, kama mtu anayempa mwenziwe kikombe cha chai kilichojaa. "Hakishuki." Blauzi ikapanda. Mmoja wao akaanza kulia palepale bila kujua analilia nini.

Siku hiyo Twiga alimuuliza kwa nini, akiwa anajua yote haya, koo lilimharibikia. Swali la kitoto, la moja kwa moja. Fundi alitaka kulizuia, lakini mkewe alishachukua kalamu. Aliandika muda mrefu. Fundi akapokea daftari, akasoma kwa sauti, na katikati sauti yake ikapungua.

"Mwaka huu muuza sumu ya panya alifungua kibanda pembeni yangu. Ana spika. Wateja wakaanza kumgeukia. Nikaona haya. Nikaacha tumbo, nikauza koo. Nilijua ninachofanya, kila siku nilijua. Ninyi msishindane na ngoma. Ngoma haina koo la kuuguza."

Binti yao aliondoka mahali pake, akapanda mezani alikokuwa mama yake, akakaa naye bega kwa bega, mbele ya wote, akamlalia.

Asubuhi iliyofuata Tarumbeta alitoka uani kuanika nguo, na aliporudi alimkuta mumewe kalala chali sakafuni kati ya cherehani na kitanda, bunda la jinzi tumboni, anafanya "sss." Fundi alifumbua jicho moja. "Nacheki tu kama bunda lina uzito sawa," alisema. Mkewe alijishika mlango, mabega yakimtikisika, machozi yakimtoka kwa kucheka. Kisha akapiga magoti, akamkandamiza mabega, akamwashiria: tena.

---

Jumamosi ya fainali uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Tarumbeta alichagua benchi la juu kabisa, mwisho kabisa, chini ya bati, akamketisha mumewe pembeni. Blauzi nyekundu ilikuwa mapajani. Kule chini wasichana walionekana wadogo mno, wamevaa sketi ambazo Fundi alizishona upya viunoni, alizilegeza inchi mbili kila moja ili mbavu zipate nafasi. Mwalimu wa michezo aliyagundua hayo, akauliza nani kaharibu sare. Kepteni akamjibu, "Fundi wetu, mwalimu. Ni za kupumulia."

Kipindi cha kwanza walikwenda vizuri. Walinyamaza pale pa kunyamaza, wakasema pale pa kusema, na mara mbili blauzi ilipanda kule juu. Halafu wapinzani wakafungulia ngoma zao. Si ngoma tatu za nusu fainali, ngoma saba, na mapembe yasiyo na hesabu. Bati likatetemeka. Fundi aliwaona wasichana wanatazamana. Aliona shingo ya Twiga inasimama mishipa. Aliona mabega ya binti yake yanapanda, yanapanda, na mdomo wake unapasuka kwa mayowe, na hakusikia kitu, wala mtu hakusikia kitu, na msichana yule alikuwa anazidisha.

Alikuwa anauza koo. Kwa haya ileile.

Tarumbeta akasimama. Mkono wake ulikuwa juu, ngumi imekaza, lakini nani angeiona ngumi moja katika uwanja ule, na wasichana hawakuwa wanatazama juu tena. Fundi aliona kifua cha mkewe kinajaa. Aliona mbavu zinafunguka kila upande, taya linalegea, vile vipimo vyote alivyojifunza wiki hizo mbili vinajipanga kimoja kimoja. Sauti ile ilikuwa imekaa wiki sita bila kazi. Ingefika, hakuwa na shaka hata chembe, ingepita juu ya ngoma zote saba mpaka masikioni mwa mwanawe. Na pengine isingerudi tena maishani.

Akamziba mdomo kwa kiganja.

Mbele za watu! Mwanamume aliyekuwa nyuma yao alisema, "Ebo!" Tarumbeta alimkodolea mumewe macho juu ya kiganja kile, na pumzi yake ya moto ilikuwa inapiga vidoleni, inasubiri kutoka. Fundi hakuwa na muda wa kumwomba radhi. Alisimama juu ya benchi. Muuza viatu na mama wa safu ya tatu walimpitia kichwani, akawaacha wapite. Akashusha mabega. Akaacha pumzi ishuke mpaka chini, mpaka pale bunda linapokaa. Hakuutazama uwanja. Alimtazama msichana mmoja mwenye sketi ya bluu, aliyempima tangu akiwa na siku tatu, akamtumia yeye mmoja:

"Kimya kwanzaaa!"

Hakuhisi kitu kooni. Hilo lilimtisha, akadhani hajatoa sauti. Lakini watu wa mabenchi ya mbele waligeuka, na walio mbele yao, na kule chini kabisa binti yake aliacha kupiga mayowe, akainua uso, akamtafuta. Akawaona: baba amesimama juu ya benchi, mama ngumi juu.

Akainua ngumi yake.

Wasichana kumi na mmoja wakanyamaza kwa pamoja, katikati ya neno. Wakasimama wima, ngumi juu, hawatikisiki. Ni ajabu jinsi kimya kinavyovuta watu. Watazamaji wa karibu wakaacha kelele zao kutaka kujua kuna nini. Kimya kikasambaa ngazi kwa ngazi. Mpiga pembe mmoja wa upande wa pili akashusha pembe lake, akachungulia. Ngoma zikaendelea peke yake kidogo, zikaona haya, zikapungua. Na Fundi akaona, kutoka mbali kule, mbavu za wasichana kumi na wawili zinafunguka kwa pumzi moja.

"Chuo chetu kinapanda. Kinapanda." Ngumi zikashuka. "Hakishuki."

Hawakupiga kelele. Mungu ni shahidi, hawakupiga kelele. Walisema tu, na neno lile likapanda ngazi zote mpaka chini ya bati, zima, na herufi zake zote, likampita Fundi kifuani. Yule aliyesema "Ebo!" alisema tena, lakini kwa sauti nyingine kabisa. Fundi alikuwa analia, wala hakujificha. Alikuwa amelala kitanda kimoja na kitu kikubwa kiasi hiki kwa miaka ishirini na mbili.

Pembeni yake blauzi nyekundu ilikuwa juu, imeshikwa kwa mikono miwili.

Timu ilishindwa kwa vikapu viwili. Mwalimu wa michezo alimfuata kepteni, akamwambia kwamba mashine basi, hainunuliwi. Kisha akauliza, kwa adabu, kama huyo mama mwenye blauzi angeweza kuja chuoni siku moja. Binti akajibu kwamba mama yake ni mtu wa mnada, Jumatatu na Alhamisi ana kazi, labda siku nyingine.

---

Minada iliyofuata Fundi aliuza robota nusu, kisha robota zima kasoro vipande vichache. Muuza viatu hakumuuliza tena kama anaungama. Mama wa safu ya tatu alinunua magauni mawili, akamwambia, "Umekula nini, baba?" Msimamizi wa soko alipita, akatazama meza, akatazama mtu, akaenda zake.

Lakini kuna jambo lilimkaa Fundi rohoni. Siku ile uwanjani blauzi ilipanda kwa ajili ya wasichana, na ni haki yao. Ya kwake je? Aliyekuwa na sikio la kupima sauti ni mmoja tu, na huyo hakuandika chochote daftarini. Fundi hakuuliza. Angeanzaje? Mtu mzima na mvi zake anauliza kama alisikika.

Wiki ya nane ilipotimia walikwenda kliniki wote wawili. Daktari aliingiza kile kioo kidogo, akainama, akaangalia upande huu, akaangalia upande ule, Fundi akiwa ameishika futi yake shingoni. Mwishowe akakitoa.

"Kimesinyaa," alisema daktari. "Sijui ulifanyaje, wengi hawavumilii hata wiki mbili. Sauti itarudi. Haitakuwa ileile mara moja, na pengine itakuwa nzito zaidi. Unaanza na dakika tano kwa siku, mama, za kusema kawaida. Tano tu. Unaweza kuanza sasa."

Tarumbeta alikaa wima kitini. Fundi aliona mabega yanashuka, mbavu zinafunguka. Alijiandaa. Wiki nane mwanamke huyu amekusanya mambo: sufuria iliyoungua, kodi ya jukwaa, binti kuchelewa kurudi, kiganja mdomoni mbele za watu. Ana haki ya kuanza na lolote.

Alimgeukia mumewe. Sauti ilitoka ndogo, nzito, mpya, na ina vumbi kidogo pembeni.

"Ilifika," alisema.

Fundi aliivua futi shingoni, akaishika kwa mikono miwili.

"Mama," daktari alisema, akitazama saa, "bado una dakika nne na nusu."

Tarumbeta alifunga midomo yake. Akamtazama mumewe, akainua ngumi.